Historia ya Jicho, Mwenye Kikaango

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu mkaja kutusitiri leo, familia inawashukuru, inawaomba mketi vizuri, na walioko nje wasogee karibu na dirisha, kwa sababu marehemu hakupenda kabisa mambo yake yasikilizwe nusu nusu. Anayewasomea historia hii ni wifi yake, mdogo wa kike wa mumewe, ambaye hakuchaguliwa na kikao cha familia bali na marehemu mwenyewe akiwa na akili zake timamu, akaagizwa mbele ya mashahidi kwamba asimpambe, amseme kama alivyokuwa, na hasa asiruke habari ya wivu, maana alisema wivu ukirukwa watu watageukiana na kuulizana anayezikwa ni nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa pili wa baba kinyozi na mama aliyefua nguo za watu. Jina la Jicho alipewa na bibi yake kabla hajaota meno, kwa sababu alipokuwa akinyonya titi moja alikuwa analikodolea macho lile la pili, kama vile anajua kuna mtu yuko njiani kulichukua, na kweli baada ya miaka miwili akaja mdogo wake akalichukua, na marehemu hakumsamehe mpaka mdogo huyo alipoolewa na kuhama mji. Yule mdogo yupo hapa, anatikisa kichwa, mwenyewe anajua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 na kumaliza mwaka 1962, na muda wote huo alikuwa mtu wa pili darasani, nyuma ya msichana mmoja wa nywele ndefu ambaye marehemu aliomba akae naye dawati moja, walimu wakadhani ni urafiki, kumbe alitaka tu kujua huyu mwenzake anashikaje kalamu. Tangu utoto wake ndivyo alivyokuwa, akimwonea mtu wivu hakumkimbia wala hakumsengenya, alimsogelea, akamtazama mikono, akaenda kwao kujaribu peke yake. Kuanzia mwaka 1963 alisomea ushonaji katika chuo cha ufundi, na alipomaliza mwaka 1965 alikuwa wa kwanza, na picha ya siku hiyo ndiyo pekee ya ujanani ambamo anacheka.

Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye karakana ya viti vya mabasi, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na sponji mpya, akashona ngozi bandia kwa sindano iliyopinda mpaka alipostaafu mwaka 2003. Wafanyakazi wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba mkasi wake aliuvaa shingoni kwa kamba, hakumwazima mtu hata siku moja, na kwamba kiti alichokishona hakikukaliwa na yeyote kabla yeye mwenyewe hajakikalia, akajinyoosha, akafumba macho kidogo kama abiria, kisha akasema haya, kipelekeni. Msimamizi mmoja aliwahi kukikalia kabla yake kwa utani, na marehemu alikifumua kiti chote akaanza upya.

Huko karakanani ndiko alikompata mume. Mwaka 1970 alikuja kijana mmoja kutoka kiwanda cha kusubu chuma, pale ambapo vyuma chakavu huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu za mchanga, amebeba begani kiti cha bosi wake kilichotoboka, na kwa sababu ya kazi yake watu walimwita Kalibu. Kiti kilipokuwa tayari alikuja kukichukua, akasahau kukichukua, akarudi kesho yake, akasahau tena, na mara ya tatu marehemu akamwambia, "Kaka, kiti hiki hakina miguu ya kukufuata, sema unalolitaka." Kalibu akalisema. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1971, na wakahamia kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda, ambayo ukuta wake wa jikoni ulipata joto siku za kumimina chuma, kiasi kwamba nguo za ndani zilikauka hata mvua ikinyesha.

Ndugu waombolezaji, historia nyingine zikifika kwenye ndoa huenda moja kwa moja kwenye watoto, lakini hii haiwezi, kwa sababu kati ya ndoa na watoto kuna kikaango. Jicho alipoingia jikoni asubuhi ya kwanza ya kupika kama mke wa mtu, alikikuta kimetundikwa kwenye msumari juu ya jiko, kikaango cha chuma kizito ambacho ukikinyanyua kwa mkono mmoja bega linauliza kuna nini, cheusi, kinang'aa mpaka unajiona pua, na chini yake kuna alama ya dole gumba iliyogandia ndani ya chuma. Alikipenda palepale. Akamuuliza mumewe kimetoka wapi, na Kalibu, Mungu amrehemu, alikuwa mkweli kupita kiasi, jambo ambalo kwa bwana harusi ni maradhi, akajibu huku anafunga kamba za viatu, "Hicho? Kilikuwa cha Bi Getini."

Bi Getini alikuwa na meza yake kwenye geti la kiwanda, akiwakaangia wafanyakazi mayai asubuhi kabla ya zamu, na kila mtu mtaani alimjua kwa kicheko chake na kwa mkono wake mwepesi. Kikaango kile kilikuwa kitu cha kwanza kizima ambacho Kalibu alikisubu peke yake akiwa bado anajifunza kazi, alama ya dole gumba ni yake, aliibonyeza kwenye mchanga wa kalibu kabla ya kumimina, na alimpa Bi Getini kwa sababu siku hizo walikuwa wachumba. Bi Getini alikaangia kikaango kile miaka mitatu, mpaka akakipa ule weusi na ule mng'ao, kisha moyo wake ukageukia kwa dereva wa lori, akaolewa naye, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki alikirudisha kikaango kwa mwenyewe, akisema si vizuri kumkaangia mume mayai kwa zawadi ya mwanamume mwingine. Yote haya Kalibu alimweleza mkewe pale pale, kwa moyo mweupe, akaongeza kwamba hata sasa huwa anakula mayai getini kila asubuhi, akatoka kwenda kazini, akamwacha bibi harusi amesimama na mwiko mkononi.

Tangu asubuhi hiyo marehemu alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, mumewe ale nyumbani ashibe, apite getini asitamani kitu, na hakuna aliyeishi karibu naye miezi ile ambaye hakulijua. Waliomzunguka walimpoza kwa methali, mama yake akamwambia mla ni mla leo, mla jana kala nini, naye akajibu kwamba huyu wa jana bado yuko mezani na anakaanga. Usiku alilala vizuri, kwa sababu usiku Kalibu alikuwa wake, lakini kila kulipopambazuka wivu ulimwamsha kabla ya jogoo, ukamkalisha kitako, ukamsogeza jikoni.

Na mayai yake yaliganda. Alikitia kikaango kwenye moto mkubwa kwa pupa, akamimina mafuta mengi, akavunja mayai, nayo yakashika chuma kama gundi ya karakanani, akayakwangua kwa kisu, akamwekea mumewe vipande vyeusi kwa vyeupe, na Kalibu akavila, akasema asante mke wangu, akatoka. Siku moja, kwa wema wake ule wa hatari, alimwambia, "Kinataka kupashwa polepole kwanza, Bi Getini alikuwa anakiacha kidogo," na hakuimaliza sentensi, kwa sababu aliuona uso wa mkewe. Kuanzia hapo Jicho aliamini kwamba kikaango kile hakimtaki, kwamba mle ndani ya weusi ule kuna mafuta ya mwanamke mwingine, asubuhi za mwanamke mwingine, na kwamba kila anapokaanga ni kama anapikia jikoni kwa mwenziwe huku mwenziwe amekaa kwenye kiti anamwangalia.

Akaamua kumtoa. Jumamosi moja Kalibu akiwa zamu, alikishusha kikaango, akakipeleka uani, akachukua mchanga, sabuni ya unga na waya wa kusugulia masufuria, akasugua ndani na nje, akasugua mpini, akasugua mpaka vidole vikachubuka na maji yakawa meusi kama wino, na wifi yake, huyu anayewasomea, alipofika kumsalimia alimkuta nusu ya kucha zimevunjika na anaimba. Kikaango kilikuwa kimegeuka rangi ya kijivu, kama kuku aliyenyonyolewa. Jicho alikiinua juu akasema, "Wifi, nimemwogesha, ametoka wote," na walicheka pamoja, maana wote wawili walikuwa wasichana na hakuna aliyejua kitu. Kisha akakiacha kwenye beseni la maji, ili kama kuna kilichobaki kirowane kitoke.

Asubuhi yake kilikuwa chekundu. Kutu ilikuwa imekivaa chote kama vumbi la matofali, ndani, nje na kwenye mpini, isipokuwa ile alama ya dole gumba ilionekana vizuri zaidi kuliko zamani, na Jicho alijaribu kukaanga humo hivyo hivyo, mayai yakatoka na rangi ya msumari. Kalibu aliingia jikoni, akakitazama kikaango, akakitoa motoni kwa kitambaa, akakigeuza, akapitisha dole gumba kwenye ile alama, wala hakufoka. Alisema neno moja tu, "Kitapona," akatoka bila kula. Marehemu alisimulia mara nyingi kwamba angepigwa kofi lisingemuuma kama neno lile, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na vidole vilivyochubuka, yeye ndiye aliyekuwa analia, na aliyepewa pole ni kikaango.

Akamfuata mumewe. Alikuwa na mtu wake getini, wifi yake, ambaye kazi yake kiwandani ilikuwa kuandikisha majina ya wanaoingia, na ambaye tayari alikuwa akiulizwa kila jioni kaka yako amekula wapi, amekula nini, amecheka au hakucheka, lakini asubuhi hiyo Jicho hakutaka kuambiwa, alitaka kuona. Akajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akasimama nyuma ya lori la vyuma chakavu, akamwona Kalibu amekaa kwenye benchi la Bi Getini, amepewa sahani, anakula mayai mawili, ya duara, meupe, yenye kingo kama lesi, anayala kwa raha ya mtu mwenye njaa, na Bi Getini anamwambia kitu, na Kalibu anacheka. Hakuna zaidi ya hapo kilichotokea. Lakini Jicho alirudi nyumbani akapita mlango wake bila kuuona, akafika mpaka mwisho wa mtaa, ndipo akageuka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakukuwa tabia ya marehemu, ila kumsogelea anayemwonea wivu ilikuwa tabia yake tangu dawati la shule. Alichokifanya, majirani, wengi wenu hamkukijua mpaka leo. Siku iliyofuata, baada ya kengele ya zamu kulia na wafanyakazi wote kuingia, alikwenda kwenye meza ya Bi Getini na kitambaa chake cha kichwani, akaagiza yai moja, akala amesimama, akatazama mikono. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa. Aliona kwamba Bi Getini hana haraka, anakipasha moto kikaango chake kingine kabla ya kitu chochote, anapima joto kwa kudondoshea tone la maji na kulisikiliza, anapaka mafuta kwa kitambaa kidogo badala ya kumimina, na akishavunja yai haligusi, analiacha lijiachie lenyewe. Akimaliza hakitii maji ya sabuni, anakifuta kikiwa bado cha moto, anakipaka mafuta tena, anakigeuza kwenye makaa. Jicho aliyaona yote akayachukua kichwani kwa jicho lile lile lililompa jina, na muda wote huo aliamini kwamba hajulikani.

Siku ya mwisho alipokuwa anapokea chenji, Bi Getini aliushika mkono wake kidogo, akautazama, akamwambia kwa sauti ya chini ili mpiga kiwi wa pembeni asisikie, "Shemeji, vidole vyako vina kutu. Weusi ule si uchafu, ni mafuta yaliyoiva juu ya chuma, ndiyo nguo yake. Umekivua nguo, sasa kivike mwenyewe, na ukishakivika hakitakuwa na habari na mimi." Mtu mwingine angesema asante. Marehemu aliuondoa mkono wake, akaichukua elimu, asante akaiacha mezani, akaondoka.

Alikaa na kikaango kile mvua zote za vuli na za masika. Alikikwangua kutu, akakikausha juu ya makaa, akakipaka mafuta kiasi cha kitambaa kidogo, akakipasha mpaka kikatoa moshi, akakiacha kikapoa, akarudia, jioni baada ya karakana, huku ukuta wa jikoni una joto la chuma kinachomiminwa upande wa pili na mumewe, na alikuwa akikisemesha, wifi yake alimsikia, alikuwa akikiambia, "Mimi ndiye ninayekulisha, umesikia?" Kilianza kijivu, kikawa kahawia kama ngozi ya kiatu, kikaja kuwa cheusi. Kalibu alipokea mayai ya kila hatua bila kulalamika, akaendelea kupita getini kumalizia njaa, na kila jioni Jicho aliuliza na wifi yake alijibu, maana kumficha asingeweza, lile jicho lingeona.

Mpaka asubuhi moja ya mwezi Mei 1972, Jicho alipasha moto polepole, akadondosha tone la maji likacheza, akapaka mafuta, akavunja mayai mawili na akaweka mikono nyuma ili isimponze, na mayai yakajiachia yenyewe, yakateleza kwenye sahani kama yana miguu. Kalibu alikula, akafuta sahani kwa mkate, akaenda kazini. Getini Bi Getini akamwita, "Vipi leo, Kalibu, hukai?" Naye akajibu bila kusimama, "Leo nimeshiba." Wifi yake aliacha kitabu cha majina, akaacha geti wazi na watu wamepanga foleni, akakimbia mpaka karakana ya viti, akamletea Jicho neno lile likiwa bado la moto. Marehemu alikaa juu ya kiti cha basi ambacho hakijaisha kushonwa, akalia mpaka ngozi bandia ikawa na madoa, na maisha yake yote alisema kwamba siku ya harusi alipewa mume, lakini alimpata siku ile.

Mngedhani wivu uliisha hapo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Marehemu na mumewe walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1973, ambaye ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1984, ambaye ni fundi umeme, na watoto hao walikwenda shule kwa njia ndefu ya kuzunguka kiwanda chote, kwa sababu binti alipokuwa anajifunza kutembea aliwahi kunyoosha mikono kwa Bi Getini, na mama yake akaapa kwamba mtoto wake hatapita tena njia ile. Binti alikuwa ameshaanza kufundisha ndipo alipogundua kwamba shule yake ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani. Kikaango kilitundikwa kwenye msumari wake, hakuna mgeni aliyekigusa, hakuna shangazi aliyekiosha, na wifi alipoomba siku moja kukaanga samaki humo alipewa sufuria.

Kalibu aliugua mapafu, akafariki tarehe 11 Februari 2008, na katika ugonjwa wake mkewe alimuuliza hatimaye lile swali alilolibeba miaka yote, kwamba siku zile za mwanzo alikuwa anakwenda getini kufuata nini. Kalibu alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Nilikuwa na njaa, mke wangu. Nilikuwa naogopa kukwambia mayai yako mabaya, ungelia, na ukilia yangeungua zaidi." Jicho akamwambia, "Ungesema tu," lakini alitoka nje ya wodi akitembea kama msichana. Hata hivyo, kwenye maziko, Bi Getini alipolia, mjane aliinua kitambaa usoni, akasikiliza, akamuuliza wifi yake kama kilio kile ni cha jirani au ni cha mtu mwingine. Alijibiwa ni cha jirani. Akasema, "Haya, lakini kinazidi changu."

Mwaka 2015 kijana wake alioa, na historia hii inasema waziwazi, kwa agizo la marehemu, kwamba alimwonea wivu mkamwana wake tangu siku ya posa, akasema ana mikono laini mno, akakagua mayai yake, akasema yana chumvi. Mwaka uliofuata marehemu alianza kuvimba miguu na kupungukiwa pumzi, akalazwa kwa tatizo la moyo, na mkamwana huyo ndiye aliyebaki kuangalia nyumba, na kwa kutaka kumfurahisha mama mkwe wake akirudi aikute imependeza, alipaka rangi mlango, akafua mapazia, na akakishusha kikaango kile cheusi, akakihurumia, akakisugua kwa sabuni na waya mpaka kikang'aa kijivu, akakiloweka, kisha akakirudisha kwenye msumari.

Marehemu alirudi nyumbani ameshikwa mkono na kijana wake, akaingia jikoni, akakiona kikaango kwenye msumari, chekundu. Mkamwana akarudi nyuma mpaka ukutani, kijana akasogea katikati yao. Jicho alikishusha mwenyewe, kwa mikono miwili, maana nguvu hazikuwepo tena, akapitisha kidole kwenye alama ya dole gumba ya mumewe, akaanza kucheka, akacheka mpaka wakamtafutia kiti, akacheka mpaka machozi, na mkamwana naye akalia, jikoni pakawa na watu wawili wanaotoa machozi na hakuna aliyejua ya nani ni ya nini. Kisha akamwambia, "Mwanangu, aliyekivua nguo ndiye atakayekivika. Lete makaa, lete kitambaa kidogo." Akakaa kwenye kiti, akamfundisha, tone la maji, mafuta kidogo, mikono nyuma, na kila mkamwana alipopatia Jicho alinuna kidogo, kwa sababu alimwonea wivu kwa kujifunza haraka kuliko yeye.

Alilazwa tena mwezi Julai 2017, na safari hii hakurudi. Katika wiki zake za mwisho Bi Getini, ambaye sasa ni mjane na anatembea kwa fimbo, alikuja wodini kila siku na mayai ndani ya kibakuli chenye mfuniko, na kila siku marehemu alimwambia kwamba hana hamu ya kula, ayaache tu hapo mezani, na Bi Getini alipokwisha kutoka mlangoni alikula yote, akafuta kibakuli kwa mkate. Wauguzi walimfahamu, wakawa wanageukia dirishani. Siku moja akamwita wifi yake akamwambia maneno yatakayosomwa mwisho, na tarehe 30 Agosti 2017, asubuhi, wakati ambao kwa kawaida alikuwa anapasha moto kikaango, akapumzika. Ameacha mdogo wake, watoto wawili, wajukuu wanne, mkamwana mmoja na wifi mmoja.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, wauguzi waliogeukia dirishani, majirani mliobeba maji, viti na vilio vyetu, na wafanyakazi wenzake wa karakana ya viti, ambao wametuletea kiti cha basi cha kuwekwa karibu na jeneza, na tunawahakikishia kwamba hakuna aliyekikalia kabla yake.

Shukrani ya mwisho si ya familia, ni ya marehemu mwenyewe, na msomaji anaisoma kama alivyoagizwa bila kuongeza wala kupunguza. Bi Getini, wewe uliyekaa karibu na mlango na fimbo yako, Jicho amesema hivi, "Mwambieni asante ya siku ile ya kutu niliiacha mezani kwake, nilikuwa na wivu, na wivu wenyewe bado ninao, ninakwenda nao, lakini asante yake ni hii, nailipa mbele za watu. Mwambieni mayai ya wodini yalikuwa mazuri, nilikula yote. Mwambieni pia kikaango asitegemee, kimeshapata mtu."

Pumzika kwa amani, Jicho, wifi yetu, mama yetu. Tumeondoka nyumbani asubuhi hii tumeshiba, mkamwana wako ametukaangia, na kikaango kipo kwenye msumari wake, kimefutwa, kimepakwa mafuta, na ni kikavu.